Moteri ya 3L ninayo, motokari sina: 504 ya marehemu baba, Hilux ya esansi au Land Cruiser 60?

KijanaWaKenya

Bakubwa na bandugu, jambo yenu. Nianze na jina langu: Kenya hiyo ni komini yetu ya hapa Lubumbashi, siyo nchi. Kila nikiingia humu kuna mtu ananiuliza mvua ya Nairobi.

Mambo ni hivi. Shemeji yangu alipindua Hilux yake kwenye njia ya Likasi. Yeye alitoka na mkono uliovunjika, Mungu alisaidia, lakini kabini ilibaki kama kopo la maziwa lililokanyagwa. Moteri ikatoka nzima: 3L, ile ya mazuti (dizeli) ya lita 2.8, pamoja na bwati (giaboksi) yake ya gia 5. Kwa kuwa nilikuwa namdai siku nyingi, alilipa deni kwa chuma. Tumeiwasha ikiwa chini, imefungwa kwenye gogo, mazuti yako kwenye bido (dumu), maji tunamimina kwa ndoo. Inaitika. Moshi kidogo wa asubuhi, halafu safi.

Sasa natafuta pa kuiweka. Kuna Peugeot 504 familiale ya marehemu baba, ile ya safu 3 za viti. Ilibeba watu Lubumbashi na Likasi kabla mimi sijaanza shule. Moteri yake ya esansi (petroli) imekwama miaka mingi, kuku wa mama wanataga kwenye kiti cha nyuma, lakini sakafu nimeigonga na ni ngumu. Kuna Hilux ya esansi, moteri ya 22R, 4x2, volani (usukani) kushoto, iko njia ya Kasenga. Moteri ilitoboa bloki na mwenyewe anataka kuiondoa uani. Halafu kuna Land Cruiser 60 isiyo na moteri kabisa, bodi kama ukuta wa kanisa.

Kazi yake ni kubeba unga kutoka Kasumbalesa, mpakani na Zambia, siku nyingine Kipushi, Kolwezi mara moja kwa mwezi. Nina dola 2,500 za kila kitu, na fundi yumo humo humo. Sitaficha, moyo uko kwenye 504.


Fundi_Mazuti

Kijana, umeeleza vizuri, wengi humu huleta picha ya kapo (boneti) tu. Lakini kuna jambo hukusema. Hilux ya shemeji ilikuwa 4x4 au 4x2? Jibu hilo kabla hujatoa hata franka moja. Kartere ya 4x4, ile sufuria ya oili chini ya moteri, haina umbo moja na ya 4x2, kwa sababu mbele kuna difransi (difu) ya kukwepa. Na bwati yake ina kisanduku cha pili cha kupeleka nguvu mbele. Nimeona mtu amening'iniza moteri kwenye palani (winchi ya mnyororo) saa 11 jioni, ndiyo anagundua kartere inakaa juu ya kiungo cha volani.

Mimi bodi siichagui kwa sura. Nachukua ile ambayo kiwanda chenyewe kiliwahi kuwekea moteri hiyo, au ndugu yake wa tumbo moja. Familia ya L ni 2L ya sm³ 2,446, 3L ya 2,779 na 5L ya 2,986. Ukitoa 2L iliyopasuka kichwa (na zinapasuka, hasa zile za turbo zikichemka) ukaweka 3L, miguu ya moteri na mashimo ya bwati vinakuja vyenyewe. Vilevile Land Cruiser 75 yenye 1PZ ya silinda 5 inaipokea 1HZ ya silinda 6 bila maneno mengi. Kwa Corolla za miaka ya 90, 5A, 4A na 7A ni ukoo mmoja. Hapo kiwanda kimeshakupimia nafasi ya feni, pembe ya bwati, urefu wa kardani (shafti ya kupeleka nguvu nyuma) na upana wa radiateri. Ukitoka nje ya ukoo, wewe ndiye unakuwa kiwanda, na kiwanda chako kiko chini ya mwembe.

Land Cruiser 60 iondoe kwenye hesabu leo hii. 3L ni farasi 90 hivi usawa wa bahari. Lubumbashi tuko karibu mita 1,200, na moteri isiyo na turbo inapoteza kama asilimia 10 kwa kila mita 1,000. Unabaki na chini ya 80. Bodi hiyo peke yake inakaribia tani 2, bado unga haujapanda. Utakwenda Kolwezi na gia ya 3, roli zote za madini zikikupigia honi nyuma. Hiyo inataka 2H yake au 1HZ.

Hilux ya esansi ni jambo la kuongea, lakini 22R si ndugu ya L. Bodi inaikubali moteri yako kwa sababu kiwanda kiliuza Hilux hiyo na esansi na mazuti, ila bwati ya 22R haifungi kwenye 3L. Unahamisha moteri na bwati pamoja, miguu yake, kardani, radiateri. Ndiyo maana nauliza tena: mabaki ya shemeji yako wapi? Asiyauzie watu wa vyuma chakavu!


Kamalondo504

Eh fundi, weye kila siku Toyota, Toyota. 504 iko motokari ya batu bazima. Mwaka 1969 ilipewa taji ya motokari ya mwaka kule Ulaya, Safari Rally ilishinda 1975, ikarudia 1978. Barabara ya mawe na mashimo njo shule yake. Kijana, fuata moyo. Baba yako hakukuachia Hilux.


Fundi_Mazuti

Yaya (mkubwa wangu) Kamalondo, hakuna aliyeitukana 504. Nimejifunzia kazi juu yake. Lakini mwambie kijana ukweli wa chini ya sakafu. Kardani ya 504 haiko wazi kama ya Hilux. Iko ndani ya bomba la chuma, na bomba hilo limefungwa na boloti kwenye bwati upande mmoja na kwenye difransi upande mwingine. Moteri, bwati, bomba na difransi ni fimbo moja. Tena kwenye familiale bomba hilo ndilo linaloshika ekseli ya nyuma isijisokote ukikanyaga gazi. Ukitia bwati ya Toyota unalikata bomba, unatengeneza kardani mpya, halafu unaunda mikono ya kushika ekseli, na hiyo mikono unaipima kwa nini? Kwa macho?

Bado moteri ya Peugeot imelala kwa pembe ya digrii 45, kwa hiyo kila kitu mle ndani kimepangwa kufuata ulalo huo: miguu, egzosi, kisafisha hewa. 3L imesimama wima. Kapo itafunga siku ya mwisho wa dunia.


Kamalondo504

Hapo umenikamata. Basi mumutafutie XD2, ile ya mazuti ya 2.3. Iko Peugeot kwa Peugeot, bomba halikatwi. Ile 3L auzishe, akate maneno.


Fundi_Mazuti

Kwa 504 hilo ndilo jibu, na ni kanuni ile ile niliyosema. Lakini XD2 nzima kwa leo utaitafuta kwa tochi, na kijana anataka kubeba unga mwezi ujao.


JiraniWaDar

Wakuu habari za huko. Niko Dar es Salaam, nasoma uzi huu kwa raha ingawa imenichukua muda kuzoea kuita giaboksi bwati na dizeli mazuti. Huku wengi hununua gari la Japani lililokatwa nusu: unapata mbele nzima, injini, waya, kompyuta, pedeli, hadi dashibodi. Ukiweza kupata kitu cha aina hiyo ni bora kuliko injini peke yake, kwa sababu vinavyomaliza hela ni vile vidude vya elfu kumi kumi ambavyo hukujua vipo.

Swali langu ni la usukani. Nyinyi mnaendesha kulia, sisi kushoto. Hilux ya shemeji ilikuwa na usukani upande gani? Katika mabadiliko niliyofanya mimi, injini ilitoka kwenye gari la usukani wa kulia kwenda la usukani wa kushoto, na bomba la egzosi likakuta shimoni ya usukani imesimama pale pale. Tulilikata na kulichomelea mara 3. Ikiwa kiwanda kilitengeneza pande zote mbili kuna egzosi ya kila upande, lakini ni lazima ujue kabla.


KijanaWaKenya

Jirani, asante. Na Fundi pia. Majibu: ya shemeji ni 4x2, volani kulia, iliingia kupitia Kasumbalesa kama nyingi za hapa. Mabaki yapo bado, nimempigia simu usiku huu huu, kulikuwa na mtu wa vyuma chakavu anakuja Jumamosi. Nimemwambia amfukuze.


Waya_Mwekundu

Mimi ni fundi wa waya, nitasema ya kwangu na kuondoka. 3L ni rafiki wa maskini kwa sababu pompa yake ni ya kimakanika. Inataka waya wa kufungua mazuti kwenye pompa, waya nene wa demareri (starta), alternateri, buji za kupasha moto, presha ya oili na joto la maji. Vidole vya mikono 2 vinatosha kuhesabu. Ungekuja na 1KZ-TE ningekuuliza kwanza kompyuta yake iko wapi, maana bila hiyo una chuma cha kuzuia mlango.

Buji usinunue kwa kufananisha urefu. Soma volti zilizochapishwa juu yake. Za familia ya L zilitoka za aina zaidi ya moja, na ukipelekea volti 12 buji ya volti ndogo bila rele yake, asubuhi moja tu zimeungua zote. Vilevile ukiwaza kuchukua demareri ya Land Cruiser ya mazuti ya zamani, baadhi ni za volti 24.

Kitu kingine kinachosahaulika na kila anayetoka esansi kwenda mazuti ni freni. Moteri ya esansi inavuta hewa, na uvutaji huo ndio unaosaidia mguu wako kwenye pedeli. Mazuti haina. Kwenye L kuna pompa ndogo ya kuvuta hewa nyuma ya alternateri. Mtu akikuuzia alternateri safi lakini mgongo wake ni bapa, rudisha. Motokari itawaka, itakwenda, na pale mteremko wa kwanza mguu utakuta pedeli imekuwa jiwe.


Mama_Kaminyeta

Mwanangu wa Kenya, mafundi wamekwambia ya moteri, ngoja mama akwambie ya shasi. Mimi nabeba unga na makala mwaka wa 14 sasa. Kaminyeta (gari ndogo ya mzigo) ya kwanza niliinunua kwa rangi. Rangi ilikuwa tamu! Ilikuwa imebeba makala ya njia ya Kasenga juu ya uwezo wake, magunia mpaka juu ya kabini, na shasi ilishapasuka nyuma tu ya kabini, pale pale ambapo mzigo unaikunja. Wakachomelea bamba, wakapaka lami juu. Miezi 5 baadaye, kabini ilikuwa inatazama mbinguni na sanduku linatazama chini. Aliyeniuzia nilimrudia, akaniambia "mama, si ulikuja na macho yako?"

Kwa hiyo nenda na bisibisi, ukwangue hiyo lami. Nenda na sumaku uifunge kwenye kitambaa, uipitishe kwenye milango na mabawa ya magurudumu. Panapoacha kushika kuna mastiki (puti). Nenda na kamba: pima shasi kwa msalaba, kona ya mbele kushoto mpaka ya nyuma kulia, halafu ile nyingine. Zisipolingana, shasi imepinda na matairi utayanunua kama mkate.

Usidanganywe pia na "imetoka Ubelgiji". Kule barabara zao za baridi wanazimwagia chumvi. Ya hapa hapa Katanga, mbali na bahari, vumbi lake jekundu ni baya kwa macho tu, chuma kinabaki. Mimi naona afadhali iliyobonyea hapa kuliko inayong'aa ya huko.

Na karatasi. Namba ya shasi iliyogongwa kwenye chuma ilingane na karte roze (kadi ya gari), herufi kwa herufi. Shemeji naye akuandikie ya moteri, na namba yake, na sahihi za mashahidi. Shemeji ni shemeji leo. Ukikutana na rulaji (polisi wa barabarani) njiani anataka karatasi, hataki undugu.


Fundi_Mazuti

Mama amemaliza. Niongeze difransi tu. Mazuti haizunguki haraka kama esansi, kwa hiyo difransi ya 22R inaweza kukufanya upige kelele tu kwenye kilomita 80 kwa saa. Inua nyuma, weka gia huru, shikilia gurudumu moja lisitembee, zungusha lingine mara 2 kamili, hesabu kardani imezunguka mara ngapi. Fanya hivyo kwa Hilux unayotaka na kwa mabaki ya shemeji. Zikitofautiana, hamisha difransi ya shemeji pia. Tangi la esansi litolewe na lioshwe, na liwekewe njia ya kurudisha mazuti. Radiateri chukua ya mazuti, usibakize ya 22R kwa ubahili. 3L ikichemka mara moja umeua kichwa.


KijanaWaKenya

Nimerudi, wiki 2 zimepita. Nilikwenda kwa Hilux ya njia ya Kasenga na sumaku, kamba, bisibisi na mdogo wangu wa kushika ncha ya pili. Mwenye motokari alicheka aliponiona, akasema sijawahi kuona mtu anayeposa kwa kamba.

Msalaba ulilingana. Nyuma ya kabini safi. Nikaanza kufurahi. Halafu nikapangusa namba ya shasi kwa mafuta ya taa, nilinganishe na picha ya karte roze, na tarakimu 3 za mwisho zimelala kwenye chuma kilichopigwa msasa. Hata siyo kwa ustadi. Nikamwuliza, akasema "hiyo ni kutu". Kutu gani inakula namba peke yake, inaacha pembeni? Niliaga kwa heshima nikaondoka.


Kamalondo504

Kutu yenye kusoma! Ulifanya muzuri kutoroka.


JiraniWaDar

Pole mkuu, ila umeokoa 2,500 yako kwa mafuta ya taa ya senti chache.


KijanaWaKenya

Siku ile nilichukia hata moteri. Nikakaa ndani ya 504 usiku, nikaanza kupima kwa mkono pale bomba linapopita, nikijiambia labda fundi anazidisha. Niliteremka chini na tochi. Hazidishi.

Basi rafiki wa shemeji akanipeleka Kipushi. Kuna Hilux 4x2 yenye 2L iliyopasuka kichwa, volani kushoto, mlango wa kulia umebonyea, rangi huwezi kuitaja jina. Haijawahi kutoka Katanga tangu ilipoingia. Msalaba umetofautiana milimita 4. Namba inasomeka kutoka mbali. Tulishindana nusu siku, nimeilipa dola 1,350, mashahidi 2.


Fundi_Mazuti

Milimita 4 kwa kamba ni kamba yenyewe. Hiyo 2L iliyokufa usiitupe, ina miguu ya moteri ya upande wa volani ya kushoto, ina egzosi ya upande wake, ina pompa ya hewa. Toa vyote, weka kwenye 3L. Vya shemeji vitakuwa akiba.


Mama_Kaminyeta

Mlango uliobonyea uache hivyo hivyo. Hakuna atakayetaka kuiazima.


KijanaWaKenya

Imewaka jana. Siku 3 badala ya 2, kwa sababu boloti moja ya mguu wa kulia ilikatikia ndani. Difransi nilihesabu kama fundi alivyosema, zilikuwa sawa, sikuhamisha kitu. Waya_Mwekundu alikuwa sahihi kuhusu buji, za 2L zilikuwa na volti nyingine kabisa, nimebaki na za 3L na rele yake. Nimekwenda nayo Kipushi na kurudi mtupu, joto limekaa katikati. Jumatatu ni Kasumbalesa, magunia 20 tu kwanza.

Kinachonisumbua ni pedeli ya ambrayaji (klachi), inashika chini kabisa karibu na sakafu. Nimetoa hewa mara 2.


Fundi_Mazuti

Ile silinda ndogo ya kwenye bwati, ni ya 2L au ya shemeji?


KijanaWaKenya

Ya shemeji, ilikuja na bwati.


Fundi_Mazuti

Na ile ya juu kwenye pedeli ni ya 2L. Soma kipimo kilichochapishwa kwenye hiyo ya shemeji na kwenye silinda ndogo ya 2L uliyoitoa; ya shemeji ikiwa kubwa zaidi, pedeli haitoshi kuisukuma. Rudisha ya 2L kwenye bwati, ujaribu kabla ya Jumatatu.


Kamalondo504

Sawa, na mie narudia ulizo langu. Niko na mutu ku Likasi mwenye XD2, anasema iko nzima, na bwati yake. 504 itafunguliwa lini?


KijanaWaKenya

Yaya, hilo mwulize mama. Kuku mmoja amelalia mayai 11 kwenye kiti cha nyuma, na mama amesema mpaka yatotoe hakuna anayegusa mlango.